Huduma ya kukusanyiwa magazeti ya uchaguzi: skani safi, ila kagua tarehe kwanza

Wadau mnaofanya utafiti wa habari za uchaguzi na hamna muda wa kushinda maktaba, hii inawahusu. Kuna ofisi moja huku Sinza kazi yao ni kutafuta magazeti ya zamani, wanayaskani, wanakupa kwenye flashi pamoja na faili la Excel lenye tarehe, ukurasa na kichwa cha habari. Jina naliacha maana tulimalizana vizuri, ila nilichokutana nacho lazima mkijue kabla hamjatoa hela.

Dizateshini yangu ni upendeleo wa magazeti kwenye kampeni za urais za 2015, Magufuli wa CCM na Lowassa aliyesimama kwa tiketi ya CHADEMA chini ya UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani. Kampeni zilianza 22 Agosti zikaisha 24 Oktoba, siku 64. Mimi nilitaka magazeti sita ya kila siku, sasa piga hesabu, hayo ni matoleo yanayokaribia 400 na mimi nahesabu habari moja moja kwa rula, sentimita za safu, picha, nani kanukuliwa. Haiwezekani kwa mtu mmoja anayefanya kazi mchana, kwa hiyo nikachukua kifurushi chao wanachokiita "sampuli ya kampeni", laki tatu na nusu, matoleo kumi kwa kila gazeti.

Kwenye kazi ya mikono sina neno nao. Siku tano mzigo tayari, kurasa zimenyooka, hakuna pembe iliyokatwa, hata maelezo madogo chini ya picha unayasoma bila kukuza. Kijana wa kaunta ana adabu na anapokea simu hata saa mbili usiku. Kwa hilo peke yake nawapa tano juu ya tano.

Tatizo nililiona usiku wa tatu wa kuhesabu na kiukweli hata sikuliona mimi. Mdogo wangu alikuwa anachungulia kwenye laptop akaniuliza, "Dada, mbona karibu kila gazeti hapa lina ratiba ya mechi za England za leo?" Nikarudi kwenye ile safu ya tarehe: 22/8, 29/8, 5/9, 12/9, 19/9, 26/9, 3/10, 10/10, 17/10, 24/10. Jamani, zote Jumamosi! Walianza na siku ya kwanza ya kampeni halafu wakaruka saba saba mpaka mwisho.

Nilivyoenda kuuliza, yule kijana akanijibu kwa nia njema kabisa, "Sasa dada yangu, kila baada ya siku saba si ndo haipendelei mtu?" Na ndo kosa lenyewe lilipo, kwa sababu gazeti lina mzunguko wa wiki. La Jumamosi halifanani na la Jumatatu kwa kurasa, kwa makala wala kwa matukio, na ukiruka kwa namba inayolingana na mzunguko huo unajikuta umeikamata siku moja tu na zingine sita hazipo.

Angalieni kwa 2015 ilivyokuwa. CCM walizindua kampeni viwanja vya Jangwani, Dar, Jumapili ya 23 Agosti, UKAWA wakazindua hapo hapo Jangwani Jumamosi ya 29 Agosti. Habari ya mkutano inatoka gazeti la kesho yake, kwa hiyo uzinduzi wa CCM uko kwenye la Jumatatu na wa UKAWA uko kwenye la Jumapili. Ukichukua Jumatatu tupu unaukuta ule wa CCM ukiwa wa moto na wa wenzao ushapoa siku moja, gazeti litaonekana linaibeba CCM. Chukua Jumapili tupu, gazeti hilo hilo, mhariri yule yule, litaonekana la UKAWA. Mimi na Jumamosi zangu kumi nilikuwa nimezikosa zote mbili, na nilishaanza kuandika sura ya matokeo. Roho iliniuma sana, maana hapo unamtuhumu mwandishi wa watu kwa kitu ambacho umekitengeneza wewe na kalenda yako.

Dawa yake ipo na ni ya siku nyingi, watafiti wanaiita wiki ya kuundwa. Unaweka Jumatatu zote peke yake unachagua moja kwa nasibu, Jumanne zote unachagua moja, hivyo hivyo mpaka Jumapili, unapata wiki ambayo haipo kwenye kalenda lakini kila siku ina mwakilishi. Mmarekani Guido Stempel mwaka 1952 alipima picha za ukurasa wa mbele za gazeti moja la Wisconsin kwa sampuli za matoleo 6, 12, 18, 24 na 48, akaona ukishavuka 12 faida inayoongezeka ni ndogo. Halafu 1993 Riffe, Aust na Lacy wakaonyesha wiki mbili za kuundwa zinatosha kuwakilisha mwaka mzima wa gazeti la kila siku. Kampeni lakini sio mwaka wa kawaida, mambo yanabadilika haraka, kwa hiyo mimi hata kwa hizi wiki tisa nimechukua wiki mbili kamili, matoleo 14 kila gazeti, na supavaiza kakubali.

Nilifanya kwa mkono. Tarehe za Jumatatu zote tisa nikaziandika kwenye vikaratasi, nikakunja, nikatia kwenye kikombe cha chai, mdogo wangu akachomoa viwili: 14 Septemba na 12 Oktoba. Tukaenda hivyo siku zote saba, nusu saa tukawa tumemaliza.

Jambo lingine ni magazeti yenyewe waliyoweka. Kifurushi kilikuwa na Uhuru ambalo ni gazeti la CCM, kina Habari Leo na Daily News ya serikali, ila Tanzania Daima, ambalo lilikuwa linaelemea upinzani, hawakuweka. Hata tarehe ukizipanga vizuri namna gani, kapu likiwa limeinama tangu mwanzo jibu nalo litainama. Na wanatafuta habari kwa majina ya wagombea tu, kwa hiyo habari iliyoandika "mgombea wa Ukawa" bila jina inapita hivi hivi, nyingine nimezikuta mwenyewe kwa kufungua ukurasa mmoja mmoja.

Nikapeleka orodha yangu ya tarehe na ya magazeti. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimchoree ile wiki kwenye karatasi, akanirudia kazi kwa nusu bei ndani ya siku nne, safari hii kurasa zote bila kuchuja kwa majina. Nyota tatu na nusu. Mkienda, nendeni na tarehe zenu mkononi, msichukue kifurushi, na kabla ya kulipa ombeni wawafungulie ile Excel muone tarehe zinaangukia siku gani.