Miwani Maalumu au Tundu la Sindano: Kutazama Kupatwa kwa Jua kwa Usalama

Tarehe 1 Septemba 2016, watu waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, walishuhudia mwezi ukilifunika jua na kuacha ukingo unaowaka kama pete. Katika kupatwa kwa namna hiyo jua halifichiki lote, kwa hiyo hakuna wakati wowote ambapo jicho tupu huwa salama.

Miwani maalumu yenye kiwango cha ISO 12312-2, yaani kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa vya kulitazama jua moja kwa moja, humwezesha mtu kulielekea jua lenyewe na kuona mwezi ukilimega. Kwa uzuri wa kinachoonekana, haina mpinzani. Tatizo lake ni uhakika: iliyochubuka au kutoboka haifai tena, bandia hufanana na halisi, na miwani ya kawaida ya jua, hata iwe nyeusi tii, si mbadala wake. Vilevile haivaliwi ili kuchungulia kwenye darubini, kwa kuwa lenzi hukusanya mwanga na kuweza kuunguza kichujio pamoja na jicho.

Tundu la sindano kwenye kadibodi halina gharama. Mtazamaji huligeuzia jua mgongo na kuacha mwanga upite tunduni hadi kwenye karatasi nyeupe. Umbali wa mita 1 hutoa taswira yenye upana wa milimita 9 hivi, ndogo lakini yenye umbo sahihi. (Majani ya mwembe hufanya kazi hiyo hiyo bila kuombwa, yakitawanya hilali ndogo ndogo ardhini.) Hatari huja pale mtu anapolichungulia jua kupitia tundu hilo. Kwa darasa lenye watoto wengi na miwani michache, ningechagua kadibodi.