Rejeta inapunguza maji: pampu ya presha au rangi?

Gari la zamani likianza kuomba maji kila asubuhi, mafundi wa Mtwara hugawanyika juu ya namna ya kutafuta panapovuja. Wapo wa pampu ya presha, wapo wa rangi inayong'aa ikimulikwa kwa taa ya zambarau.

Pampu hufungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, kisha husukumwa hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi karibu baa 1. Ndani ya dakika 15 hivi utajua. Tone likitokea kwenye mshono wa plastiki na alumini, kazi imekwisha. Mshale wa geji ya pampu ukishuka na chini pakavu, shuku hita (kipasha joto cha ndani ya gari) au gasketi ya silinda hedi; hapo kwa maoni yangu pampu haina mpinzani. Udhaifu wake: imekaa mahali pa mfuniko, kwa hiyo mfuniko mbovu hauonekani mpaka upimwe peke yake.

Rangi haihitaji chombo kikubwa, ila inataka subira: unaimimina kwenye maji ya rejeta, unaendesha, unamulika usiku. Inashinda kwa ufa unaofunguka kwa joto tu, kama gari linalopoteza maji likipanda Newala kutoka Masasi, lakini likiegeshwa halitoi hata tone. Ukiimwaga ovyo wakati wa kumimina, utashtaki mpira wa maji usio na kosa.

Mwenye gari la abiria asiyeweza kulilaza, aanze na pampu. Gari la nyumbani linalopungua kikombe kwa wiki linaweza kusubiri rangi.