Jigi la bahari ndani ya Ziwa Tanganyika: linacheza, lakini hiyo ndoano!

Karibuni tena wadau, tuko Kibirizi, hapa Kigoma, na leo sina salamu ndefu maana hili dude limenichanganya. Jigi, yaani chambo bandia cha madini, la kuvulia juu ya maji, limetengenezwa kwa samaki wa baharini: nguru, jodari, kolekole. Urefu na uzito viko kwenye kasha, mtasoma wenyewe.

Mimi nataka mwone kitu kimoja. Mdogo wangu, leta kamera huku ubavuni mwa mtumbwi. Maji yetu mnayajua, mpaka mawe ya chini yanaonekana. Nakunja mshipi polepole... mnaona? Limelala tu kama kijiti. Naongeza kidogo... hapo! Hapo hapo! Kushoto, kulia, kushoto, na kila likigeuka linamulika. Sasa nakunja kwa pupa. Tazama, limepinduka, linazunguka, mshipi unajisokota. Kwa hiyo nguvu haitakiwi hapa. Itafute ile kasi ya katikati ukae nayo, bila kurusharusha fimbo. Na kila jigi lina kasi yake, hata mawili ya aina moja. Ukisikia ncha ya fimbo inatetema kwa mapigo yaleyale, umefika. Samaki akigonga usikurupuke kuvuta. Kunja tu mpaka uzito wake ukae kwenye mshipi, ndipo uinue.

Kinachofanya licheze hivi ni alumini, ni nyepesi. Kuna jamaa ana chaneli yake, simtaji, juzi kawaonyesha watu jigi la risasi akaliita la kuvulia juu. Ndugu yangu, risasi inakwenda chini moja kwa moja! Dukani shika mawili yanayolingana ukubwa. Jepesi ndilo la juu. Na hapa kwetu linazama upesi kidogo kuliko baharini, maji ya chumvi yanabeba zaidi. Likigusa maji tu, anza kukunja.

Kwa mgebuka hapana, ni kubwa mno. Yule anafukuza dagaa, mtafutie dogo la saizi ya dagaa. Sangala ndiye wake. Na wadau wa Tanga na Mafia, nguru ana meno, fungeni kipande cha waya, ila kiwe kifupi na chembamba. Waya mnene unaua mchezo wote.

Sasa hasira zangu. Hii ndoano ya ncha tatu, isogelee... imenyooka! Sangala wa kawaida tu, wala hakuwa wa kujisifia. Kolekole angeifanyaje? Na pete yake imefunguka mdomo. Nimeng'oa vyote, nimeweka ndoano moja nene, na jigi bado linacheza vilevile.

Halafu bei 35,000 Kariakoo, bado kulisafirisha hadi Kigoma! Nilitaka kusema msinunue. Lakini lile tumbo linavyogeuka... eeh, basi.

Mnaouliza mbona katikati ya 2024 hakuna video za mtumbwini, ziwa lilifungwa, Mei 15 hadi Agosti 15. Msinilaumu. Bonyezeni kengele, video ijayo ni ya fimbo ndefu, maana kwa fupi hili halifiki mbali.

Na wewe mwenye duka, najua unaniangalia: liuze bila ndoano, punguza 10,000, nachukua matano.