Kitovu kwenye mstari, au biti nzima ndani?

Ukichonga paneli ya mlango wa mninga kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) pale Keko, Dar es Salaam, programu itataka kujua biti, yaani kikatio, iheshimu vipi mpaka, ule mstari unaozunguka eneo la kuchongwa. Chaguo la kwanza huruhusu kitovu cha biti kifike kwenye mstari, kwa hiyo biti ya milimita 12 hutokeza nje kwa milimita 6. Klempu (kibanio kinachoshika mbao) iliyo milimita 5 kutoka kwenye mstari italiwa, na biti huenda ikakatika. Bei za biti mpya Kariakoo unazijua.

Chaguo la pili huibakiza biti yote ndani. Ukingo wake hugusa mstari bila kuuvuka. Kwa kuondoa mbao nyingi, chagua hili. Kasoro yake huonekana ukimalizia nakshi kwa biti ya ncha ya mviringo: kwenye uso bapa hukata kwa ncha ya katikati tu, hivyo pembezoni hubaki ukanda wa mbao usiosafishwa. Hapo rudi kwenye la kwanza, klempu zikae mbali.

Wapo wanaochora wenyewe mstari wa pili ndani ya ule wa kwanza ili biti isivuke, badala ya kuiachia programu. Ukibadilisha biti, programu hukokotoa upya; mstari wako hubaki vilevile.

Kumbuka pia kuwa mpaka hupima biti, si kishikio chake.