Kadi ya punguzo la kambi: elfu tisini yangu na maganda ya karanga

Nianze na maganda ya karanga, maana hayo ndiyo yananiuma mpaka leo kuliko hela.

Yule binti wa mapokezi alikuwa anakula karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Nikampa kadi yangu ya punguzo, mpya, bado inang'aa, ina picha ya hema na jua likizama ziwani. Akaipokea kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Kisha, macho yakiwa yamesharudi kwenye simu, akaitumia kukusanyia maganda ya karanga pale mezani, akayasukuma polepole mpaka ukingoni, yakadondokea kiganjani, akayatupa dirishani. Ndipo akanirudishia. Ilikuwa na chumvi.

"Hii ya wageni, mzee. Weka mfukoni."

Hakuna shikamoo, hakuna karibu, hakuna pole na safari. Huku Usukumani hata anayekuja kukudai anasalimia kwanza, anauliza habari za ng'ombe, anakunywa maji, deni linakuja mwisho.

Mtanielewa nikisema nilipandwa na hasira. Siku nzima tulikuwa barabarani. Gari letu ni Hiace, zamani ilikuwa daladala ya Igoma. Mafundi wa Nyakato walitung'olea viti, wakatuchomelea kitanda cha chuma chenye masanduku chini, tukafunga sola juu, mtungi mdogo wa gesi, na ndoo mbili za maji zenye koki. Tumeipaka rangi nyeupe yote lakini wapi. Kila tukipita Kisesa au Magu kuna mtu anatupungia mkono. Mmoja alishawahi kufungua mlango tukiwa tumesimama kununua matikiti, akamkuta mke wangu amejilaza, akauliza kama gari linaenda Bunda. Ndiyo gari letu la kulala, na tangu nifunge duka tumekuwa tukizunguka nalo kandokando ya ziwa kila tukipata nafasi.

Sasa hiyo kadi. Kuna jamaa alikuwa na meza kwenye maonyesho, koti la suti kwenye jua la Mwanza, maneno mengi. Shilingi 90,000 kwa mwaka, unapata punguzo "hadi asilimia 25" kwenye kambi za ukanda wa ziwa, Mwanza, Musoma, Bukoba. Akanionyesha orodha ya kambi kwenye simu, akaipitisha haraka haraka kama mtu anayeonyesha picha za harusi ya watu asiowajua. Nikalipa kwa lipa namba palepale. Sikuuliza asilimia 25 ya nini. Mtu mzima, nimeuza vipuri vya baiskeli na pikipiki miaka nenda rudi, najua fika jinsi bei inavyopandishwa ili ipate kushushwa, na bado sikuuliza.

Turudi mapokezini. Ilikuwa siku za Sabasaba, kama si wiki ile basi iliyofuata. Tuliondoka nyumbani kwa kuchelewa, tukaambaa na Ghuba ya Speke upande wa kushoto, tukafika kambini upande wa Lamadi jua linazama kweli, si la kwenye kadi. Nilichosikia mimi katika yale maneno ya "hii ya wageni" ni kwamba vitu vizuri si vya watu kama sisi. Kwamba mzee wa Kisukuma mwenye daladala iliyopakwa rangi hawezi kuwa na kadi. Nikamwambia nimeilipia kwa hela yangu, akate asilimia 25, na anitolee risiti ya mashine.

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Haya. Mwenye pesa ni wewe."

Akabonyeza mashine. Shilingi 60,000, watu wawili, usiku mmoja. Nikalipa nikiwa nimeumuka kama kitumbua. Nikatoka pale najisikia mshindi.

Na usiku ule nilijisikia mshindi zaidi. Pembeni yetu kulikuwa na Waholanzi wawili, mtu na mkewe, umri wetu, na gari lao kubwa walilolivusha kwa meli kutoka kwao. Mke wangu alikuwa anakaanga sato, harufu ikawaleta wenyewe. Kwa Kiingereza changu cha kuombea maji tukaongea mpaka taa ikajaa wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi, ikabidi tuizime tuendelee gizani.

Kumbe kwao hizi kadi ni kitu cha kawaida kabisa. Wao wana ile ya ACSI, shirika la hukohuko Uholanzi lililoanza mwaka 1965, na kadi yake inapokelewa kwenye kambi zaidi ya 3,000 za Ulaya. Nikamuuliza yule mume asilimia ngapi. Akasema hakuna asilimia, kuna bei. Kila kambi iliyo kwenye kitabu imeandikiwa bei yake ya usiku kwa watu wazima wawili, pamoja na gari na umeme, na imeandikiwa tarehe: kadi inaanza kupokelewa siku fulani, inakoma siku fulani. Julai na Agosti shule zimefungwa na kambi zimejaa, kwa hiyo kadi inakaa kwenye droo. Hata sikukuu za kati ya Mei na Juni kambi nyingine zinairuka. Ni kadi ya msimu mwembamba, wakati mwenye kambi ana nyasi tupu na afadhali apate kidogo kuliko kukosa. Kwa hiyo, alisema yule mzee, kwao inawalipa wastaafu wanaoweza kuondoka Mei au Septemba na kukaa njiani wiki nyingi. Mwenye watoto wa shule amenunua plastiki.

Nikamwonyesha yangu. Akaigeuza nyuma, akawasha tochi ya simu, akatafuta. Akauliza tarehe ziko wapi. Nikamjibu, tena kwa fahari, kwamba yetu haina tarehe, inafanya kazi mwaka mzima!

Wao walikuwa wamelipa elfu 40 kila mmoja. Mimi elfu 30 kila mmoja. Nililala usingizi mzito.

Asubuhi mke wangu alikwenda bafuni, akarudi na mswaki bado mdomoni, akaniashiria nimfuate. Ubavuni mwa mabafu, nyuma ya tangi la maji, kulikuwa na ubao wa bei. Wageni kutoka nje, 40,000. Watanzania na wakazi, 15,000. Nikausoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimevaa miwani.

Elfu kumi na tano. Wawili ni elfu thelathini. Nimegombana na mtoto wa watu, nimepandisha sauti mbele ya mke wangu, ili nilipe mara mbili.

Nikarudi mapokezini mbio. Binti hayupo, yupo kijana mwingine, mstaarabu huyu, alinipa shikamoo yangu yote. Akasema, "Baba, risiti imeshatoka kwenye mashine, mimi hapa sina uwezo wa kuirudisha." Nikampigia aliyeniuzia kadi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Lakini mzee, punguzo si umepewa?" Na kweli nilikuwa nimepewa. Asilimia 25 kamili, imekatwa kwenye bei ambayo haikuwa yangu.

Hapo ndipo ninapowaambia mnaotaka kununua: msiulize asilimia ngapi, ulizeni ya bei ipi. Kambi nyingi za ukanda huu zina bei mbili, ya mgeni na ya mwenyeji, na punguzo la kadi linakatwa juu ya ile ya mgeni. Kwa Mtanzania kadi ya namna hii ni sawa na kununua mwavuli ukiwa ndani ya nyumba. Na kwenye hifadhi usijisumbue kuitoa. Pale geti la Ndabaka la Serengeti tozo ni za serikali, mwananchi ana zake kwa shilingi na mgeni ana zake kwa dola, unapewa namba ya malipo, basi. Hakuna wa kumwonyesha kadi.

Nilikuwa nimefikia hukumu hiyo, msinunue, nukta. Ila kuna mambo mawili yananivuruga.

La kwanza ni yule binti. Nimemlaumu kote nilikopita, Buswelu yote inamjua. Angeweza kusema, "Baba, bila kadi unalipa elfu kumi na tano." Maneno manane, nimeyahesabu. Lakini mke wangu ana toleo lake la usiku ule. Anasema binti alianza kusema "Mzee, kwa wenyeji..." nikamkatiza, nikampigia kelele kwamba sitaki habari za wenyeji, nataka haki yangu. Mimi sikumbuki hivyo. Nakumbuka karanga. Hata hivyo nikikaa peke yangu nawaza kwamba "weka mfukoni" labda ulikuwa ushauri, wa mtu mwenye jeuri lakini ushauri. Mtu anaweza kukuokolea hela na bado akafagia maganda kwa kadi yako. Hili la pili sijalisamehe. Angetumia mkono.

La pili ni Bukoba. Tulikwenda baadaye, mvua za vuli zimeanza. Safari yenyewe ilikuwa raha, maana tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kupanga foleni ya kivuko ukihesabu malori yaliyo mbele yako. Kilomita tatu juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza kumenya ndizi. Tukapita Geita, tukapita Biharamulo, lakini kabla ya Muleba rejeta ikaanza kuvuja. Tukawa tunasimama kila mahali kuongeza maji, tukaingia Bukoba usiku gari linatoa mvuke kama sufuria.

Kambi tuliyopata ni ndogo, ufukweni, na bei yake ni moja kwa kila mtu, elfu 20, awe ametoka Uswisi au Sengerema. Mwenye kambi ni mama mtu mzima. Alitusalimia, akatuletea chai kwanza, kadi akaiomba baadaye tena kwa kuuliza kama tunayo. Akaishika kwa mikono miwili. Elfu 15 kila mtu. Fundi akasema rejeta ya aina ile haipo mjini, itumwe kwa basi kutoka Mwanza, na ilipofika ikawa si yenyewe, ikatumwa nyingine. Usiku nne. Kila usiku elfu 10 imebaki mfukoni, jumla elfu 40, na kwa sababu kadi ilitufanya "wanachama" akatuachia umeme bure tukachaji betri, maana kwa mawingu yale ya Kagera sola ilikuwa pambo tu.

Kwa siku zile nne niliipenda ile kadi, sitaficha. Niliiweka kwenye kioo cha mbele.

Halafu nikapiga hesabu ya dukani. Nimenunua 90,000. Lamadi nimezidishiwa 30,000, kwa mdomo wangu mwenyewe. Bukoba nimeokoa 40,000. Nimekula hasara ya 80,000. Ili kadi irudishe hela yake tu, kwa akiba ya elfu 10 kwa usiku, nilihitaji kulala usiku tisa kwenye kambi zenye bei moja, bila kukosea hata mara moja. Sisi kwa mwaka tunalala garini usiku saba, nane, tukizidi sana kumi, na nusu yake ni uwanjani kwa ndugu wa mke wangu Musoma ambako hatulipi kitu ila kusikiliza. Yule Mholanzi analala nje miezi mitano mfululizo. Kwake hesabu ni nyingine kabisa, na kama ni mgeni mwenye gari lako unazunguka ziwa zima, bei ya wageni ndiyo yako, basi inunue kesho asubuhi, itakulipa ndani ya wiki. Kwa mwenyeji, hapana. Au ndiyo, kama rejeta yako ni mbovu na unaelekea Bukoba.

Nilishaamua kutokuilipia tena. Juzi simu ya mke wangu ikalia, ujumbe wa malipo, elfu 90 imetoka. Nikamuuliza, akasema yule mama wa Bukoba alitupokea vizuri, na akienda tena bila kadi ataonekanaje. Hoja hiyo sijaipatia jibu.

Mpya imeshafika. Jua lilelile linazama. Nimeigeuza nyuma nikiwa na miwani, nikasogea dirishani. "Hadi" bado ipo, tarehe bado hakuna, na orodha ya kambi haisemi popote ipi ina bei moja na ipi ina bei mbili. Kama kuna mwenye kadi hii ambaye ameshaitenganisha orodha hiyo mwenyewe, naomba anitumie kabla ya Pasaka, tunataka kwenda Musoma. Na kama ulishalala ile ya Lamadi, niambie kama yule binti bado yupo.