Kickstart na uwashaji wa seva: chombo ninachokiamini

Kwa msimamizi anayesakinisha mifumo endeshi ya Linux kama Fedora au Red Hat Enterprise Linux kwenye seva nyingi bila kuketi mbele ya kila moja, Kickstart, yaani faili ya maagizo ambayo kisakinishi hulifuata chenyewe, ni chombo ninachokipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa jinsi kinavyoishughulikia GRUB, programu inayouamsha mfumo endeshi kompyuta inapowashwa. Mstari mmoja wa amri hutaja diski itakayotumika, muda wa kusubiri kwenye menyu, vigezo vya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) na hata nenosiri lililosimbwa.

Ugumu uko kwenye diski. Jina la diski kama sda linaweza kuangukia diski nyingine seva inapowashwa upya, kwa hiyo ni salama zaidi kutumia anwani iliyo chini ya /dev/disk/by-id, inayotokana na utambulisho wa diski yenyewe, ambayo Kickstart huikubali. Diski pia hugawanywa kulingana na programu ya msingi inayoiwasha mashine: ile ya UEFI, ya kisasa, huhitaji sehemu ya /boot/efi, ilhali ile ya BIOS, ya zamani, yenye diski iliyogawanywa kwa jedwali la GPT huhitaji sehemu ndogo iitwayo biosboot ya MiB 1. Amri ya Kickstart iitwayo reqpart huongeza yenyewe kinachohitajika, na kwangu hiyo ndiyo hazina yake kubwa. Kasoro ni kwamba ksvalidator, programu ya kukagua faili ya Kickstart kabla ya kuitumia, hukagua sarufi ya faili pekee, wala haiwezi kujua kama diski iliyotajwa ipo.