Uzoefu wangu na filamu ya Kodak Vision3 kwenye jua la Bagamoyo, ikilinganishwa na dijitali

Kwa kazi ya ufukweni, mchana wa jua kali, bado sijapata kamera ya kidijitali ya bei ninayoimudu inayoifikia Kodak Vision3 250D, filamu ya sinema ya rangi iliyotengenezwa kwa mwanga wa mchana (250 ni wepesi wake wa kupokea mwanga). Niliitumia kupiga sinema fupi kuhusu wavuvi wa Bagamoyo, kwa milimita 16, kwenye Arri SR3 ya kukodi. Pembeni niliweka kamera ya kidijitali inayorekodi log, yaani picha iliyofifishwa ili ibaki na maelezo mengi ya kurekebisha baadaye, ikichukua matukio yaleyale. Wengi wananiuliza kama kuna maana ya kuhangaika na filamu zama hizi, na jibu langu linategemea saa ngapi unapiga.

Chukua mfano huu. Saa saba mchana mashua inaingia. Tanga jeupe limejaa upepo, na chini yake amekaa nahodha, mzee mweusi tii mwenye kofia, uso wote uko kivulini. Nyuma yake maji yanametameta. Kwenye dijitali, nikipima mwanga wa uso wake, tanga linabaki weupe mtupu, halina mshono wala kiraka. Nikililinda tanga, uso unazama, na nikiuinua kwenye kompyuta mashavu yanajaa chenga za kijani na zambarau. Kwenye 250D nilipata vyote viwili: viraka vya tanga unaweza kuvihesabu, na uso wa mzee una wekundu wake wa kahawia, mikunjo ya macho, na jasho linalong'aa juu ya nyusi.

Sababu yake si miujiza. Sensa, yaani kile kipande cha kamera ya kidijitali kinachonasa picha, hupokea mwanga kama ndoo inavyopokea maji: ikishajaa, kinachoongezeka kinamwagika na hakuna rekodi yake. Negativu haina ukomo wa ghafla namna hiyo. Mwanga ukizidi, inaendelea kuongeza unene wa rangi, ila kwa kasi inayopungua kidogo kidogo, kwa hiyo weupe unafifia taratibu badala ya kukatika. Udhaifu wa filamu uko upande wa pili, kwenye kiza. Punje za chumvi ya fedha zinahitaji kiasi fulani cha mwanga ndipo ziitikie dawa, na chini ya hapo hupati kitu, hata ukibembeleza vipi wakati wa kuskani. Ndiyo maana ukihama kutoka dijitali lazima ugeuze mazoea: dijitali unalinda mwanga mkali, filamu unalinda vivuli. Mimi 250D naipima kama 125, yaani naipa stopu 1 ya ziada (mwanga mara mbili) kwa makusudi. Kwa jua la pwani hapo filta ya ND 0.9, kioo cheusi kinachopunguza mwanga stopu 3, ni lazima, na tundu la lenzi linakaa kati ya f/8 na f/11.

Kuhusu ngozi nyeusi nataka niseme wazi, maana filamu hizi zina historia yake. Kwa miaka mingi Kodak walipanga rangi kwa kadi za kupimia zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na watu weusi wakatoka kwenye picha wakiwa macho na meno tu. Malalamiko yaliyosukuma marekebisho yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutofautishika vizuri. Linaniuma hilo hadi leo. Lakini Vision3 ni kizazi kingine kabisa. 500T, iliyotengenezwa kwa mwanga wa taa, ilitoka 2007, 250D ikafuata 2009, na kwa nilichokiona Bagamoyo kijana mweusi na mwenzake maji ya kunde wakisimama bega kwa bega, kila mmoja anabaki na rangi yake.

Usiku hali inageuka kabisa. Wavuvi wa dagaa wanatoka gizani na taa zao, nami nikapakia 500T na kuagiza maabara waisukume stopu 1 wakati wa kuisafisha, yaani waiache kwenye dawa muda zaidi, ifike 1000. Taa zilitoka nzuri ajabu, zina mzingo mwekundu unaopendeza, ila watu walio nje ya mwanga wa taa wamekuwa vivuli vya punje. Dijitali pale inashinda bila ubishi. Sony FX3, kwa mfano, ina kiwango cha pili cha msingi cha ISO (wepesi wa kupokea mwanga) cha 12,800. Kwa kamera ya namna hiyo unaona vidole vya mtu anayevuta wavu. Na mwenye bajeti ya Arri Alexa 35 anapata, kwa maelezo ya watengenezaji, stopu 17 kutoka kiza hadi mwanga mkali, kiasi kwamba hata ule mfano wangu wa tanga unaweza usimsumbue sana.

Sasa adha zake. Rola ya futi 400 ya milimita 16 ni dakika 11 tu kwa fremu 24 kwa sekunde. Kupakia magazini, kile kisanduku cha kamera kinachobeba filamu, ni kuingiza mikono kwenye mfuko mweusi, kwenye joto la pwani jasho linachuruzika hadi viganjani, na kiganja kibichi hakitakiwi kugusa filamu. Rola inakaa kwenye friji, lakini usiifungue ikiwa baridi, unyevu wa hewa yetu utatanda juu yake kama umande mara moja. Iache kwenye mkebe wake hadi ipate joto la chumba. Mchanga ndio adui mkubwa kuliko yote: baada ya kila tukio zuri fungua lango la kamera, pale filamu inapopita nyuma ya lenzi, uangalie kwa tochi. Uwanja wa ndege omba ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za CT zinaiharibu filamu ambayo haijasafishwa. Kisha unasubiri wiki kadhaa, kwa kuwa nilituma Uingereza kusafishwa na kuskaniwa, na muda huo wote hujui ulichokipata.

Watu husema filamu hudumu miaka mia. Inadumu ikikaa mahali pakavu na baridi. Negativu ya kamera iko juu ya asetati, na asetati kwenye joto na unyevu huoza, ikaanza kunuka siki. Ukiiacha kabatini Dar es Salaam umeipa umri mfupi. Mimi nimeacha negativu yangu huko huko iliposafishwa, kwenye stoo ya baridi, na nakala za skani nimeziweka kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti.

Kazi ijayo nitapiga mchana kwa 250D, au 50D kama ni jua tupu, na usiku wote kwa dijitali. Kuchanganya kunawezekana, mradi anayesawazisha rangi za filamu apewe vipande vya vyote viwili mapema. Ukiagiza, sisitiza rola zote ziwe za namba moja ya emalsheni, yaani za toleo moja la kiwandani, iliyochapwa kwenye lebo ya mkebe. Zikitofautiana, nyuso zinaweza kubadilika kidogo kutoka rola moja hadi nyingine, na kuzisawazisha ni gharama nyingine juu ya gharama.